Ukanda Ambao Sikuulima

Oktoba ile nilikuwa likizo kijijini kwetu, Mufindi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3 ya kufundisha Mbeya mjini bila kurudi nyumbani. Nilikuwa na ekari 4 za misindano kwenye mteremko ulio juu ya bonde, miti ya miaka 8, na kama wengi wetu tunaoishi mjini na kuihesabu miti ya kijijini kuwa akiba, niligharimia miche na upandaji, basi. Fedha za kupogolea na za kulima barabara ya moto, yaani ukanda wa udongo mtupu wa kuzuia moto usiingie shambani, sikuzituma. Baba mkubwa, ambaye shamba lake la miti ya miaka 14 lilipakana na langu kwa upande wa juu, alinipigia simu mara mbili mwezi Juni kunikumbusha. Mara zote mbili niliahidi.

Mwaka ule sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi, ilikuwa kali. Baridi ya Juni na Julai iliunguza nyasi za mabondeni zikabaki nyeupe kama majani ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na kufikia Oktoba jua na upepo vilikuwa vimezikausha kiasi kwamba zilikatika mkononi. Wazee walikuwa wakilalamika kwamba mvua walizozoea kuziona Novemba sasa wanazisubiri hadi Desemba. Huo ndio wakati ambao watu huandaa mashamba, na wako wanaoona kiberiti ni chepesi kuliko fyekeo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya uchomaji, lakini mtu aliye peke yake bondeni saa nane mchana, upepo ukiwa umechachamaa, ndiye anayeamua.

Nilikuwa uani niliposikia mbiu. Moshi ulikuwa umekwisha kupanda kutoka bondeni, mweusi kwa chini na wa rangi ya kahawia kwa juu, na watu walikuwa wakikimbia na majembe, mapanga na matawi mabichi, akina mama wakifuata na ndoo za maji. Moto unaopanda mlima hauna mfano wa ule wa tambarare: ndimi zake huinamia majani yaliyo mbele, zikayakausha kabla hazijayafikia, hivyo kadiri mteremko unavyosimama ndivyo unavyozidi kasi. Ulipofika mpakani kwangu kwa upande wa chini, ulipaswa kukuta udongo mtupu wa upana wa hatua 10, kama mkutano wa kijiji ulivyokuwa umekubaliana. Ulikuta nyasi za kiunoni.

Niliuona ukiingia. Kwanza ulitambaa polepole juu ya zulia la sindano kavu zilizoanguka kwa miaka yote ile, ambazo mguu ulizama ndani yake hadi kifundoni. Kisha ukashika matawi makavu ya chini, yale ambayo yangepogolewa kama ningemlipa kijana mmoja kwa siku chache, ukayapanda kama ngazi. Mti wa kwanza uliwaka wote kwa mara moja, kwa mlio unaofanana na mvua kubwa juu ya bati. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kusogea na tawi mkononi.

Mwenyekiti wa kitongoji aliamuru watu warudi nyuma hadi kwenye barabara ya magogo iliyo juu ya shamba la baba mkubwa. Pale walikwangua udongo kwa majembe, kisha wakawasha moto mwingine kando ya barabara, wakiuchunga usivuke, ili uteketeze majani na uende kukutana na ule mkubwa mahali pasipobaki cha kuunguza. Kazi hiyo iliokoa mashamba yote ya juu na nyumba zilizokuwa nyuma yake. Lakini kuwasha moto pale kulikuwa na maana ya kuutoa sadaka msitu wa baba mkubwa, na aliyeulizwa ruhusa ni yeye. Aliitazama miti yake kwa muda mfupi, akasema, "Washeni."

Usiku upepo ulitulia, na tukakesha tukifukia visiki vilivyokuwa bado vinafuka. Nilimwendea nikiwa na maneno mengi. Nilipoanza, "Baba mkubwa, mimi ndiye...", alinikatiza: "Mwanangu, chukua jembe, kile kisiki kinawaka."

Miti yake aliiuza kwa wenye mashine za mbao kwa bei ya hasara, haraka, kabla haijaharibika. Yangu ilikuwa myembamba. Iliishia kuwa kuni. Fidia niliyomlipa kwa miaka 2 iliyofuata haikufikia thamani ya alichopoteza, ingawa hakuwahi kunidai.

Juni iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikaenda mwenyewe. Nilimkuta asubuhi amekwisha kutangulia shambani, umande ungali umeganda kwenye nyasi, naye akilima ukanda wa upande wake. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha mpini wa jembe kuelekea bondeni.

"Wewe anzia kule chini," alisema. "Tutakutana hapa katikati."