Glavu Pekee Hazinisaidii: Ninavyoishi na Skleroderma

Kila mtu ni daktari siku hizi. Jipake mafuta, sugua kwa dodoki, loweka kwenye maji moto, vaa glavu. Wanaosema kwa kujiamini zaidi ndio hawajawahi kuona vidole vikigeuka vyeupe pe kwa sababu tu umefungua friji.

Skleroderma ni ugonjwa usioambukiza, na wala huu wangu si wa ngozi peke yake. Kinga inaugeukia mwili wenyewe, mwili nao unatengeneza kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, kupita kiasi. Ngozi inakaza, mishipa midogo ya damu inabana, na mapafu, moyo na figo navyo vinaweza kuguswa. Kwangu ilianzia vidoleni: vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu vinavyowaka. Hali hiyo huitwa Raynaud, na wengi wanayo bila skleroderma, ndiyo maana niliambiwa ni baridi tu, itaisha. Haikuisha.

Maji moto nilisisitiziwa na ndugu yangu mmoja mpaka nikanyoosha mikono. Sasa, kidole kilichokufa ganzi hakijui joto. Nimetumbukiza, sisikii kitu, yeye ananiambia ongeza, bado kidogo! Damu iliporudi ndipo nilipoyasikia yote kwa mpigo. Yakatoka malengelenge, na kidonda cha ncha ya kidole kikagoma kupona, maana damu ya kukiponya haifiki.

Dawa yangu ya bure ni hii: nasimama wima, nanyoosha mkono na kuuzungusha kutoka begani, duara kubwa na la haraka, damu isukumwe hadi nchani. Njiani naonekana kama mtu anayefukuza nyuki. Wacheke tu, vidole vinarudi. Tena navaa fulana nzito na skafu kabla ya glavu, kwa sababu kifua kikipoa mwili unainyima mikono damu. Glavu juu ya kidole kilichokwisha kupoa zinatunza ubaridi.

Nifedipini, dawa ya kutanua mishipa ya damu, ilinivimbisha vifundo vya miguu mwanzoni, daktari akapunguza dozi. Kiungulia cha usiku nilikipunguza kwa kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani; mito mingi ilinivunja shingo bure. Kila siku napanua mdomo mbele ya kioo, maana nao unakaza, na daktari wa meno anahitaji pa kupita.

Halafu kuna jirani aliyeniletea prednisoloni zake, vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe, eti zilimponya viungo. Nilizirudisha. Kwa mwenye skleroderma, dozi kubwa ya dawa hizo inaweza kuchochea shambulio la figo, na dalili yake kubwa ni presha kupanda ghafla. Vipimo vya mapafu na moyo vya kila mwaka vinakula pesa si haba, lakini hela niliyoitumia vizuri kuliko zote ni ya mashine ya presha. Ikipanda kuliko kawaida yangu sisubiri asubuhi, naenda hospitali usiku huohuo.