Elfu 80 ya Nungwi, Elfu 70 ya Jambiani

Hoteli ya kwanza tuliihama baada ya usiku mmoja. Kwenye simu niliambiwa elfu 80, nikamshukuru Mungu nikatuma malipo ya awali. Tulipofika Nungwi, kaskazini mwa Unguja, tumechoka na boti ya asubuhi kutoka Dar na daladala ya 116 iliyojaa magunia, kijana wa mapokezi akaanza kuhesabu vichwa: wakubwa wawili, watoto watatu.

"Elfu 80 ni kwa mtu, dada. Hawa wawili nusu bei, huyu mdogo bure."

Laki 2 na elfu 40. Asubuhi chai ikaja ya watu wawili, mayai ya watoto yakaingia kwenye bili.

Usiku ule ule nilikaa barazani nikapiga simu upya, safari hii nikiuliza kabla ya kufurahi: ni kwa chumba au kwa kichwa? Godoro la ziada lipo? Naruhusiwa kupika? Bi mkubwa mmoja wa Jambiani, pwani ya mashariki, akanitajia elfu 70 kwa nyumba nzima, vyumba viwili na jiko la gesi. "Njooni mwanangu," akasema, "ila maji ya huku myajue."

Tulirudi mjini, tukabadilisha gari, tukafika giza limeingia. Maneno yake niliyaelewa kesho yake saa 4 asubuhi, watoto walipotoka mbio na maboya wakakuta bahari haipo. Mchanga mtupu, vidimbwi, na mawimbi meupe kule mbali kwenye mwamba.

"Bamvua hiyo," bi mkubwa akacheka. "Maji saa 10 jioni."

Mwezi ulikuwa mpevu. Siku kama hizo, na za mwezi mchanga, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na pwani ya mashariki ina kina kifupi mpaka kwenye mwamba, basi yakitoka yametoka. Nungwi na jirani yake Kendwa unaogelea karibu saa yoyote. Kumbe sehemu ya ile bei ilikuwa ya maji, na mimi nilidhani nalipia kiyoyozi.

Sikujuta. Tuliwavalisha ndala kwa sababu ya wale viumbe wenye miiba kama nungunungu, tukatembea palepale ambapo jioni pangekuwa na maji. Kina mama walikuwa wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, wakifunga vichipukizi kimoja kimoja kwenye kamba zilizovutwa kati ya vijiti. Mwanangu mdogo akawaangalia weee, kisha: "Mama, huku mchicha wanalima baharini?"

Mchana tulinunua changu pwani, nikaazima mbuzi ya kukunia nazi. Elfu 12 ikatulisha watu watano.

Chandarua kilikuwa na tundu, nalo kusi la Juni lilipiga madirisha usiku kucha. Ningekuwa na mtoto wa kubeba ningevumilia bei ya Nungwi.

Binti yangu mkubwa aliandika saa za maji nyuma ya tiketi ya boti, maana kila siku yalichelewa nusu saa na zaidi. Siku ya nne alitoka majini magharibi inaadhiniwa, anatetemeka, anauliza kesho yatajaa saa ngapi.