Kombora lenye uzi

Jana nimetembelea makumbusho ya kijeshi, nikajikuta nimeganda karibu nusu saa mbele ya sanduku moja. Kwa mbali ungedhani la safari, la zamani zile. Kumbe ndani kuna Malyutka, kombora la Kisovieti la kupigia vifaru, kilo 11 hivi, na mfuniko wa sanduku lenyewe ndio kitako cha kurushia. Mtu analibeba mgongoni!

Ila kilichonikaa kichwani ni waya. Mwembamba kama uzi, unajifungua nyuma ya kombora likiwa angani, na kupitia waya huo mrushaji analiongoza kwa kijiti huku jicho liko kwenye darubini. Mita 3,000 ni kama sekunde 25. Muda wote huo, usikohoe. Sinai, 1973, askari wa miguu wa Misri waliunguza vifaru vya Israeli hivyo hivyo, mpaka wenye vifaru wakajifunza kummiminia risasi mrushaji kule alikojificha, ashtuke tu, mkono uteleze.

Mlinzi akaniruhusu nishike kijiti. Chepesi, kinacheza kwa kidole. Mkono ukanitetemeka, na wala hakuna aliyekuwa ananipiga risasi.