Taa za Datsun ya mjomba

Mjomba alinifundisha kusoma kwa mwanga wa gari. Nilikuwa na miaka mitano au sita, nimeketishwa kiti cha kushoto cha Datsun 240Z yake ya rangi ya chungwa, tumetoka Mombasa baada ya isha kwenda Voi alikojenga. Kibao kikitokea gizani huniambia, "Haya, soma." Mazeras. Mariakani. Samburu. Mackinnon Road ilinitoa jasho miaka miwili mizima. Maungu ndiyo niliyoipenda, kwa sababu ilikuwa fupi na kwa sababu Voi haikuwa mbali tena.

Kwa hiyo nilishtuka usiku mmoja wa mwaka 1995 aliponiuliza, "Kile kibao kimeandikwaje, mpwa wangu?" Tulikuwa tumeshakipita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, macho yangu mazima, na mimi pia sikukiona. Mbele yetu palikuwa na kidoa cha manjano juu ya lami, kama mtu ametangulia na kibatari, na baada ya hapo giza tupu.

Kabla ya Maungu tulikuta matawi barabarani. Kila anayeijua njia ile anajua maana yake: kuna lori limekufa mbele. Lakini matawi hayo tuliyaona yakiwa tayari chini ya magurudumu. Mjomba alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likaserereka, tukasimama tukilitazama bodi la trela lisilo na taa hata moja, karibu kiasi cha kusoma herufi za kiwanda kwenye mpira wake. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Akiwa bado ameshika usukani, injini imezimwa, akasema, "Macho yangu yamekwisha. Gari nitaliuza."

Asiyemjua asingeelewa uzito wa kauli hiyo. Mjomba alikuwa kijana mwaka 1973 aliposimama kando ya barabara kutazama mashindano ya magari ya Safari Rally. Shekhar Mehta na msomaji ramani wake, Lofty Drews, walishinda mwaka ule kwa 240Z. Walilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, wakapewa ushindi kwa kuwa walikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Miaka miwili nyuma Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Mjomba alisimama vumbini akaapa kwamba siku moja atakuwa nalo. Alilipata mwaka 1978, la mwaka 1972, silinda sita mstari mmoja, likiwa limeshatumika na linavuja oili. Alilitunza kuliko watu wengine wanavyotunza nyumba.

Nilikataa liuzwe. Asubuhi tuliporudi Mombasa nilizichunguza zile taa. Zilikuwa za kipande kimoja, kioo na waya wa ndani vimezibwa pamoja kiwandani, na ndani zilikuwa zimeingia ukungu wa kijivu pale panapotakiwa kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Nikachukua akiba yangu nikanunua taa mpya za duara, inchi 7, zile za kubadilishwa balbu ya H4, na balbu kali kuliko zote dukani: wati 100 kwa fulu, yaani mwanga wa mbali, na 90 kwa dimu, mwanga wa chini. Nikazifunga mwenyewe, usiku nikamwita mjomba aone. Ziliwaka vizuri kidogo kuliko za zamani. Baada ya robo saa tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa kimelainika, na kifuniko cha usukani kilikuwa cha moto kama sufuria.

Hapo ndipo nilipomfuata fundi umeme mmoja wa Shimanzi, mzee wa makamo ambaye madereva wa malori walimheshimu. Nilimpa shikamoo nikamweleza yote, pamoja na balbu za wati 100. Hakunigombeza. Aliomba gari liwashwe, akaweka mita kwenye betri: volti 13.8. Akachomoa soketi ya taa ya kulia kidogo tu, kiasi cha kugusa ndimi zake huku taa ikiwaka: volti 10.6.

"Umeme waliwa njiani, mwanangu," akasema. "Taa zalala na njaa."

Kisha akanionyesha njia yenyewe, na mpaka leo naona ni somo bora la umeme nililowahi kupewa. Kwenye gari lile umeme wote wa taa kubwa ulitoka betri, ukapita kwenye geji ya ampea ya dashibodi, ukapita kisanduku cha fyuzi na swichi ndogo pembeni mwa usukani, ndipo ukarudi mbele kwa waya mwembamba. Ampea 8 au 9, kila usiku, miaka ishirini na tatu. Aliifungua swichi: ndimi zake za shaba zilikuwa nyeusi, zimeliwa mashimo. Kila doa jeusi lilikuwa likigeuza volti kuwa joto. Na taa ya waya haina msamaha. Volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua kwa karibu theluthi. Kwa volti 10.6 mjomba alikuwa akiendesha kwa nusu ya mwanga, na ule ukungu wa ndani ulikuwa umekula sehemu ya nusu iliyobaki. Balbu zangu kubwa zilivuta ampea nyingi zaidi kupitia mashimo yale yale. Ningeendelea, ningelichoma gari.

Alizigeuza pia zile taa nilizonunua, akapitisha kidole kwenye michirizi ya kioo. Zilikuwa za nchi ambako magari hupita kulia. Dimu yake ingeinua mwanga upande wa kulia, yaani machoni pa kila dereva anayekuja. Hili lilinitia hofu kuliko kisanduku cha fyuzi. Nilirudi dukani nikabadilisha kwa taa za Land Rover zinazotumika kwetu, maana kipimo ni kimoja.

Kazi ilichukua siku mbili. Alifunga rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa, karibu na betri, moja ya dimu na moja ya fulu, akavuta waya mnene wa milimita 4 moja kwa moja kutoka betri, kila mmoja na fyuzi yake. Swichi ya usukani ikabaki na kazi ya kuiamsha rilei tu, mkondo usiofika hata robo ya ampea. Athi, pale waya wa kurudisha umeme unapofungwa kwenye bodi, aliisugua kwa msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana, akalehemu vichwa vya waya badala ya kuvibana kwa koleo. Balbu alizoweka ni za kawaida, wati 60 na 55. Akapima: volti 13.4. Jioni tukaliweka gari mbele ya ukuta wa godauni, akakaza na kulegeza skrubu mpaka mstari wa mwanga ukalala chini kidogo ya kimo cha taa, ukipanda kushoto kwenye ukingo wa njia.

Macho ya mjomba nayo hayakuwa mazima kabisa. Miaka minane baadaye alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Lakini sitaacha kusema kwamba mwaka 1995 mzee yule alikuwa tayari kuacha kitu alichokipenda zaidi, akijilaumu mwenyewe kwa kosa la kipande cha shaba.

Tulitoka Mombasa Ijumaa baada ya isha. Alikaa kimya mpaka tulipopita Changamwe, mikono yote kwenye usukani. Kisha akawasha fulu, na barabara ikafunguka mbele yetu, nyasi za kando zikawa na rangi.

"Mazeras," akasema. Baadaye, "Mariakani." Sauti yake ilikuwa ikipanda. Lori lilipokuja alishusha dimu, likapita bila kutulalamikia kwa taa zake. Samburu aliisoma kingali mbali sana kibao chake. Mackinnon Road pia.

Maungu ilipotokea alinyamaza, akapunguza mwendo.

"Haya, soma," akasema.

Nikasoma.