Jumapili ipi

Maneno mawili tu. Niliyasema mimi mwenyewe, mwezi wa nne, nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na tangu Alhamisi hayataki kunitoka. Naoga yapo, niko stoo nahesabu maboksi yapo, jana kanisani kwenye matangazo ndo kabisa, mzee wa kanisa anasema "Jumapili ijayo" mimi moyo pah.

Mnaomjua Bi Kizee mnajua tulipoishia. Ni pikapu yangu ya 1994, inabeba viazi kutoka Kikondo kushuka hadi soko la SIDO pale Mwanjelwa, Mbeya, na tangu mwezi wa pili imekuwa inatafuna kros, zile jointi zenye umbo la msalaba kwenye shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, kama karanga. Mwezi wa tatu kros ya nyuma. Mwezi wa nne kros ya nyuma tena, ile mpya, vikombe vyake vikitoa unga mwekundu wa kutu na sindano za ndani zimechimba mistari kwenye chuma. Wa tano ikawa senta beringi, ile inayoshikilia hiyo shafti katikati, raba yake imechanika kama kandambili ya mlinzi. Mwanzoni mwa mwezi huu kros ya nyuma kwa mara ya tatu, na safari hii sili ya difu, lile boksi la gia la nyuma linalozungusha matairi, nayo ikaanza kulia machozi, ukiegesha usiku asubuhi unakuta doa chini.

Na kila mtu ana jibu lake. Fundi wa kwanza akasema spea feki, nikanunua ya bei mara mbili, ikafa vilevile. Wa pili akasema matairi, tukafanya balansi ya yote manne, tetemeko likabaki palepale kuanzia spidi sitini. Wa tatu akabadilisha maunting ya gia boksi, sawa ilikuwa imechoka kweli, lakini likitoka rivasi kuingia gia ya kwanza bado linapiga "ko!" mpaka kuku wanainua shingo. Halafu jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, akaegemea geti akasema hiyo ni lumbesa bwana, hiyo lumbesa na huyo kijana wako.

Hilo la lumbesa nililipokea kwa mikono miwili. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100 lakini nyie mnajua linavyoshonwa kule shambani, kofia juu ya gunia, nyasi na kamba, gunia moja limezaa jingine. Kwa hiyo jibu lilikuwa na akili. Na zaidi ya hapo, nisiwafiche, lilikuwa na mtu ndani yake. Spea feki humjui wa kumkaripia. Dogo yupo, analala chumba cha uani, ni mtoto wa dada yangu, na alikuwa anaendesha yeye.

Sasa hayo mazungumzo. Nayaandika labda yataniacha.

Ilikuwa jioni, kaja na miguu, gari kaliacha Isyonje pale njia panda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeua nyingine?"

"Imekatika nikiwa napanda, sijapakia bado." Kimya kidogo. "Ila mjomba, hili gari linatetemeka zaidi likiwa tupu. Nikipakia linatulia."

"Gari gani duniani linatulia likipakiwa?"

Hakujibu hilo. Alikuwa anageuza funguo kidoleni. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeweka yai chini, "Na lilianza baada ya ile Jumapili."

"Jumapili ipi?"

Akaniangalia. Sekunde moja, labda mbili. Halafu akaangalia miguu yake. "Basi mjomba."

Nikamkata elfu ishirini kila wiki, wiki nne. 80,000. Mwisho wa mwezi wa tano akaaga kwa heshima zote, sasa hivi anaendesha bajaji ya mtu, anapaki Kabwe.

Nilijua ni Jumapili ipi. Hapo ndo pananiuma. Sio kwamba nilisahau nikakumbushwa, hapana, nilijua wakati ule ule mdomo unafunguka. Ni ile Jumapili ya mwezi wa pili ambayo hata hapa niliwaandikia kwa mbwembwe zote, picha ya mikono yenye grisi, "leo nimeokoa hela ya fundi", mkanipongeza. Kros ya zamani ilikuwa imekufa kwa uzee wake halali, nikaangalia video mbili, nikaingia uvunguni na jeki na nyundo, nikashusha propela shafti, yaani hiyo shafti ndefu, mwenyewe. Dogo ndiye alikuwa ananishikia tochi.

Haya. Alhamisi. (Wiki yenyewe ilikuwa na mengi, mahari ya mdogo wangu imekubaliwa, bosi kahamishwa na upepo umeondoka na bati tatu za jikoni, hayo siku nyingine.) Nimeomba ruhusa kazini nikaenda kwa mzee mmoja pale Uyole, gereji yake haina hata bango, ni mti na gogo. Nikaanza kumsomea orodha, kros, kros, beringi, sili. Akanikatisha. Hakutaka kujua nini kimekufa.

"Linatetemeka likiwa na mzigo au likiwa tupu?"

Nikasita. Nikasema, "Likiwa tupu zaidi."

"Ee. Nani kakwambia?"

"Dereva wangu."

"Huyo anasikia gari. Yuko wapi?"

Nikasema yuko safari.

Akalala chini kwenye gunia, hakubeba hata spana, kabeba kipande cha chaki. Dakika tano hivi. Halafu akaniita nilale pembeni yake, mimi na shati la kazini, na akanionyesha kile kipande cha nyuma cha propela, kinachotoka senta beringi kwenda kwenye difu. Kila mwisho una masikio mawili yanayoshika kros. Akachora mstari wa chaki kwenye masikio ya huku, akachora ya kule. "Ona. Huyu anaangalia juu, huyu anaangalia ukutani. Hawa ni mapacha, wanatakiwa waangalie upande mmoja."

Alivyonieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kros ikiwa imekaa kwenye pembe haizungushi sawasawa. Shafti inayoingia inazunguka kwa mwendo mmoja lakini inayotoka, ndani ya mzunguko mmoja tu, inakimbia mara mbili na kusita mara mbili. Ndo maana kuna kros huku na kros kule, ile ya pili inasawazisha ujinga wa ya kwanza, huyu akikimbia yule anasita, difu linapokea mwendo umetulia. Lakini masharti yake ni mawili, masikio yawe kwenye mstari mmoja, na pembe za pande zote mbili zikaribiane. Ukiyapishanisha masikio, badala ya kufutana wanachochea. Na propela haiendi taratibu jamani, difu kama hili tairi likizunguka mara moja propela imezunguka kama mara nne, kwa hiyo ukiwa spidi sitini ni karibu mara elfu mbili kwa dakika, na kila mzunguko ni vuta-achia, vuta-achia. Sasa weka kros yoyote hapo, ya bei yoyote. Weka na beringi. Weka na sili.

Kile kipande kinaingia kwenye meno pale karibu na senta beringi, unaweza kukirudisha kwenye jino lolote na kitaingia vizuri tu, hakilalamiki. Langu lilikuwa limepishana meno matatu. "Aliyefungua hakuweka alama," mzee akasema.

Niliweka. Naapa niliweka, kwa chaki, mistari miwili mizuri. Halafu nikaiosha propela nzima kwa dizeli ili ing'ae kabla ya kupiga picha. Mimi, ambaye nalipwa mshahara kuandika alama kwenye maboksi.

Na lile la kutulia likipakiwa? Mwaka jana niliongeza majani mawili ya springi nyuma, mnakumbuka, ili libebe. Likiwa tupu sasa linasimama makalio juu kama bata, shafti inashuka kwa mteremko mkali, pembe inakuwa kubwa na ule mtikisiko unazidi. Ukipakia, nyuma inakaa chini, pembe inapungua, gari linatulia. Yaani Dogo alisema kitu sahihi kabisa, kwa sentensi mbili, bure, na mafundi watatu waliolipwa hawakukisema.

Mzee akachomoa, akageuza meno matatu, akarudisha, akapiga grisi mpaka ya zamani ikatoka, kros mpya, sili mpya, na jani moja la springi akalitoa akasema nikalichongee panga. Tukatoka naye, gari tupu, kupanda Igawilo. Hamsini. Sitini. Sabini. Nikawa nasubiri lile tetemeko kama mtu anayesubiri chafya. Halikuja. Nilikuwa na chupa ya maji kwenye dashibodi, maji yametulia kama ya kisimani, aise nilicheka peke yangu, mzee akaniangalia. Tukageuza kule juu, rivasi, gia ya kwanza, hakuna "ko". Miezi mitano! Nikapiga honi bila sababu. Mama mmoja wa ndizi akanipungia.

Nikarudi hadi Uyole nikiimba, na ni pale kwenye mataa, gari limesimama linanguruma vizuri kama paka aliyeshiba, ndo nikayasikia. Jumapili ipi. Kwa sauti yangu ile ile, na ile "ipi" imepanda juu kidogo, ile sauti ya mtu anayeuliza huku akifunga mlango.

Unajua alikuwa anaweza kusema. "Ile Jumapili uliyofungua propela, mjomba." Alikuwa na tochi mkononi, aliona chaki, aliona dizeli. Lakini mtoto wa miaka ishirini na mbili anayelala kwako na kula kwako atasemaje hivyo? Alinifungulia mlango nipite mwenyewe kwa heshima yangu yote. Na mimi nikauliza mlango upo wapi.

Ijumaa nimemtumia ile elfu themanini kwa simu. Nilianza kuandika na ujumbe, "Dogo, kuhusu ile Jumapili", nikafuta. Nikaandika "fundi amegundua tatizo", nikafuta, maana fundi alikuwa wa pili kugundua. Mwisho nikatuma hela kavu. Akajibu baada ya saa mbili, "Imefika mjomba. Ndaga." Yaani asante. Hakuuliza ya nini. Jumamosi nilipita Kabwe makusudi nikamuona, amekaa kwenye bajaji anakula chipsi kwenye mfuko, nikapunguza mwendo, halafu wa nyuma akanipigia honi nikaenda.

Mama watoto anasema nimwite aje kula Jumapili. Nikamwambia siku nyingine yoyote lakini sio hiyo, akadhani nina utani.

Sasa ni saa kumi kasoro, baridi hii ya mwezi wa sita inaingia mpaka kwenye kucha, na nimetoka zizini. Ng'ombe wangu mwenye mimba hajacheua tangu jana mchana, amelala kaelekeza kichwa ubavuni, na nimempigia daktari wa mifugo mara tatu hapokei.