Ethi, mtetemo wa usukani, na kutu ya pwani katika gari la zamani

Gari linalolala nje Shangani, hapa Mtwara, ambako upepo wa bahari hulifikia usiku kucha bila kizuizi, huliwa na kutu hata mahali ambapo jicho halifiki, yaani katikati ya vyuma viwili vilivyokazwa pamoja. Saluni yangu ya Kijapani ya mwaka 1998 ilikuwa na matatizo mawili yaliyoonekana hayana uhusiano wowote, umeme unaoyumba na usukani unaotetemeka barabarani, na yote mawili chanzo chake kilikuwa hapo.

Nianze na umeme. Kila nilipowasha indiketa huku taa kubwa zikiwaka, mwanga wa dashibodi ulififia na kurudi kwa kufuata mapigo ya indiketa, mshale wa geji ya mafuta ukacheza pamoja nao, na asubuhi stata ilizunguka kwa uzito. Betri yenyewe ilikuwa nzima: ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, na injini ikiwaka alteneta iliipandisha hadi 14.1. Katika hatua hii wengi hununua betri mpya, na fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu umeme wa gari unahitaji njia ya kurudi kama unavyohitaji njia ya kwenda. Njia ya kurudi ni injini pamoja na bodi. Lakini injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme, hivyo ni lazima pawepo waya wa ethi unaoiunganisha na bodi. Maungio ya waya huo yakishikwa na kutu, umeme hujitafutia njia nyingine, hata kupitia kebo ya pedali ya mafuta au ya gia, ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo na zinaweza kuungua.

Kupima waya wa ethi kwa omu, yaani ukinzani wake wa umeme, hakutoshi. Waya uliobakiwa na nyuzi chache tu huonekana mzima kwenye mita, kwa kuwa mita hupitisha umeme mdogo sana, ilhali stata hudai zaidi ya ampia 100. Kipimo cha kuaminika ni kile cha volti zinazopotea wakati umeme unapita. Ncha moja ya mita huwekwa juu ya nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe na si kibanio chake, nyingine juu ya chuma kisafi cha injini, kisha mtu mwingine anapiga stata. Volti zisizidi takriban 0.2, zikifika 0.5 pana hitilafu. Langu lilisoma 0.9. Nikasogeza ncha ya pili hatua kwa hatua, kutoka kibanio hadi kichwa cha kebo, kutoka hapo hadi boliti, mpaka nikafika pale ambapo volti zilipanda ghafla: boliti ya ethi iliyo chini ya kikalio cha betri, ambayo chini yake palikuwa na unga wa kutu.

Niliondoa kwanza waya hasi wa betri, nikasugua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae pande zote mbili, nikakaza, kisha nikapaka grisi kwa nje ili chumvi isiingie tena. Kipimo kikashuka hadi 0.08. Siafiki desturi ya kuongeza waya mpya juu ya kutu ya zamani, kwa sababu waya huo nao utafungwa juu ya chuma kilichochafuka.

Mtetemo ulianza gari likivuka kilomita 80 kwa saa, kwenye lami ya kuelekea Lindi baada ya Mikindani. Uliendelea hata gia ikiwa huru, jambo lililoiondoa injini katika shaka, na haukuongezeka wakati wa kufunga breki, hivyo diski hazikuwa za kwanza kulaumiwa. Magurudumu yakafanyiwa balansi, yaani kusawazishwa uzito. "Mzee, hizi ringi kwenye mashine ziko sawa kabisa," fundi wa Magomeni akaniambia, "tutafute huku chini." Alisema kweli. Mashine ya balansi hulishika gurudumu kwenye mhimili wake yenyewe, kwa hiyo haiwezi kuona kilichopo kwenye habu ya gari, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Tulipozitoa ringi tukakuta magamba ya kutu kwenye uso wa habu. Gamba la sehemu ndogo ya milimita hapo huinamisha gurudumu zima, na kwa kuwa kipenyo cha tairi ni karibu mara nne ya kile cha uso wa habu, mwinamo huo ukifika ukingoni mwa tairi huwa umeongezeka karibu mara nne.

Usafi ni ule ule wa ethi: brashi ya waya na msasa, kwenye habu na nyuma ya ringi. Nyuzi za boliti za gurudumu haziwekwi grisi, kwani nati hukazika kupita kiasi. Nati hukazwa kwa kuvuka upande wa pili, wala si kwa kufuata duara, na kwa saluni nyingi ndogo za Toyota nguvu inayotakiwa ni Nm (nyutoni-mita) 103. Kusimama juu ya spana huzidisha nguvu hiyo na kuharibu boliti. Wakati wa masika ni vema pia kukagua matope yaliyogandia ndani ya ringi, maana nayo huvuruga balansi. Baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100, nati zote zikazwe upya kwa nguvu ile ile.