Jina Lililoanza kwa Fahari

Mwaka 1920 Curtis Lee Laws, mhariri wa gazeti la Wabaptisti nchini Marekani, alipendekeza kwamba Wakristo walio tayari kuipigania misingi ya imani yao waitwe mafundamentalisti, na yeye mwenyewe akajihesabu miongoni mwao. Anayelisikia jina hilo leo katika taarifa ya habari hawezi kudhani kwamba kuna watu waliowahi kujiita hivyo kwa fahari.

Misingi yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kati ya mwaka 1910 na 1915 Lyman Stewart, tajiri wa mafuta wa California, pamoja na ndugu yake, waligharimia vitabu 12 vilivyotumwa bure kwa wachungaji na wamisionari, vikitetea kuzaliwa kwa Yesu na bikira, kufufuka kwake na ukweli wa Biblia. Baadhi ya waandishi wake walikuwa wasomi wa kutajika; James Orr wa Scotland, kwa mfano, hakuona kwamba kila namna ya nadharia ya mageuzi ya viumbe inapingana na imani.

Upole huo ulisahaulika haraka. Mwaka 1925, huko Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama, akatozwa faini ya dola 100, lakini waliochekwa magazetini ni wale walioshinda kesi, yaani mafundamentalisti. Tangu hapo jina likaanza kunuka ushamba na ujinga, na wengi waliokuwa wakilitumia wakalikwepa.

Kisha yakaja mapinduzi ya Iran mwaka 1979, na waandishi wa habari wakalichukua jina la Waprotestanti wa Marekani wakamvika Khomeini, kiongozi wa mapinduzi hayo. Mimi naona hapo ndipo lilipopoteza maana yake kabisa, kwa sababu fundisho la Khomeini kwamba mwanazuoni wa sheria ashike hatamu za dola lilikuwa jambo jipya hata kwa wanazuoni wengi wa Kishia, nalo likaripotiwa kama kurudi kwenye mambo ya kale.

Huku kwetu Mbeya, ambako Wamoraviani na wamisionari wa Berlin waliingia kupitia Rungwe mwaka 1891, kipimo cha Laws kingemnasa karibu kila mzee wa kanisa. Namfahamu mmoja, muuza maharage wa Mwanjelwa, ambaye Jumapili hafungui kibanda, pombe haonji, na habari za mageuzi hataki hata kuzisikia. Jirani yake wa kibanda ni Mwislamu, na adhuhuri ikifika mzee humwangalizia mizani na fedha mpaka arudi kutoka kuswali. Kwa kipimo cha 1920 mzee huyu ni fundamentalisti kamili. Kwa kipimo cha redio, hata wazo hilo ni kichekesho.

Kinyume chake, wapo wahubiri wanaowakataza waumini kumeza dawa walizoandikiwa hospitalini, na huambiwa ni watu wa msimamo mkali wanaoishika Biblia kupita kiasi. Ukisikiliza mahubiri yao utakuta wanaitaja Biblia kwa nadra, maana amri zao nyingi hutoka katika ndoto na maono yao wenyewe, na Laws angekuwa wa kwanza kuwapinga.